UZI: DT125 ya mnada. Tambarare inapaa, mlimani inakata pumzi. Tatizo ni nini?

#1 Kahawa_Mbale

Wadau, habari za huko.

Nimechukua Yamaha DT125 kwenye mnada wa shirika moja lililofunga ofisi zake huku mashariki mwa Uganda. Ina keria pana nyuma, na kilomita ilizotembea hakuna ajuaye, kwa sababu kebo ya mita ilikatika zamani ikaachwa hivyo. Kazi yangu ni kununua kahawa kwa wakulima, Sironko, Bulambuli hadi Kapchorwa, na siku zote nilikuwa nakodi boda.

Naanza na ninayoyaona mpaka sasa, swali litafuata.

Haina mambo mengi. Stata ya kubonyeza hakuna, ni kiki tu. Geji ya mafuta hakuna: ikianza kukohoa unageuza koki kwenda rizavu, ndipo unajua petroli imekwisha. Taa ya mbele inakula moja kwa moja kwenye injini, kwa hiyo ukiachia moto (ekseleta ya mkononi) kwenye kona usiku nayo inafifia, ukitia moto inarudi. Nikichuchumaa kando yake naiona injini yote: mapezi, kabureta, waya wa plagi. Hakuna cha kuvua kwanza.

Ni ndefu. Vijana wa steji karibu na mnara wa saa waliniuliza ngazi nimeiacha wapi.

Barabara mbovu ndiko kwao. Udongo wa Bulambuli mvua ikinyesha tunaujua. Gurudumu la mbele la inchi 21 linapita juu ya mawe na mifereji ambayo boda ingejigonga. Nasema wazi: hii ndiyo pikipiki, hizi nyingine ni baiskeli zilizotiwa injini.

Sasa tatizo. Mbale hadi Sironko inapaa. Nikianza kupanda kwenda Sipi, njia ya Kapchorwa, kona chache tu, inaanza kumisi, nguvu zinapungua, nashusha gia hadi namba mbili, mwisho inazimika. Nikikaa kando muda wa kunywa soda inawaka kiki moja, mzima wa afya, inapanda tena kidogo, halafu inarudia. Plagi nimebadilisha. Fundi wa kwanza alisema ni kabureta, akaisafisha, akachukua hela yake, tatizo liko palepale. Nani anazijua hizi?

#2 Steji_Kwanza

Hiyo baiskeli iliyotiwa injini ndiyo iliyokubeba wewe na magunia yako miaka yote 😂 Leo umepata mali ya shirika unatutukana. Ikizimika Sipi usitupigie simu.

#3 Fundi_Arua

Karibu chamani. DT nimezishika nyingi, mashirika ya wakimbizi huku West Nile yalikuwa nazo tele.

Kabla hujalegeza hata nati moja: ikizimika tena, usikae. Shuka, fungua kifuniko cha tangi palepale, usikilize. Ukisikia "fyuuu", hewa inaingia, kesi imekwisha. Kifuniko kina tundu dogo la kupumulia, na vumbi na kutu hulipenda sana. Petroli inashuka, hewa ya kujaza nafasi yake haiingii, tangi linajinyonga lenyewe na kabureta inakauka. Tambarare injini inakunywa kidogo, ile hewa inayopenya kwa shida inatosha. Mlimani umefungua moto wote, haitoshi. Ukikaa, hewa inaingia polepole. Ndiyo maana soda yako inatibu.

#4 Mwalimu_Kaabong

Fundi, na urefu wa mlima je? Mbale iko mita 1,100 na ushee juu ya bahari, Kapchorwa karibu 1,900. Kule hewa ni nyepesi lakini kabureta inamimina petroli ileile. Petroli inazidi hewa, plagi inalowa, injini inamisi. Atie meni jeti ndogo, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, basi.

#5 Hesabu_Gulu

Mwalimu, kwa makadirio ya kawaida injini isiyo na tabo ya kusukuma hewa inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mbale hadi Kapchorwa hazifiki hata hizo. Hapo unashuka gia moja, injini haizimiki. Na kama tatizo ni mwinuko, mbona akikaa inapona? Mlima haukushuka alipokuwa anakunywa soda.

#6 Mwalimu_Kaabong

Sawa, lakini hatujui ikishafika juu inakuwaje. Kahawa_Mbale, mjini Kapchorwa penyewe inatembeaje?

#7 Kahawa_Mbale

Mjini inatembea. Ila moshi unaongezeka, na ikiwa imesimama inatetemeka kama inataka kuzimika.

#8 Mwalimu_Kaabong

Ahsante. Jeti.

#9 Hesabu_Gulu

Tu-stroki, injini ya mipigo miwili, inatoa moshi hata Entebbe kando ya ziwa, Mwalimu.

#10 Muuguzi_Yumbe

Jamani. Hizi nimeziendesha enzi za kupeleka chanjo, sanduku la barafu nyuma, gambuti miguuni, sketi juu ya suruali. Msinieleze habari za ngazi. Pikipiki ndefu unailaza kidogo upande wako, unarusha mguu, kisha unasogeza kitako upande mmoja ukisimama. Mguu mmoja chini unatosha. Wanaume wanataka yote miwili ikanyage kama wamepanda punda.

Asubuhi ya baridi: fungua koki, vuta choki, piga kiki kadhaa swichi ikiwa bado imezimwa ili ivute petroli. Kisha washa swichi, kiki moja ya nguvu mpaka chini. Ukipiga nusunusu itakurudishia kwenye ugoko, na huo uchungu utausimulia.

Sasa hii ya kuzimika. Yangu ilifanya hivyohivyo kwenye mchanga, njia ya Obongi, na huko mlima hakuna. Ilikuwa koili, ile inayotoa umeme wa plagi. Ikipata joto inakata karenti, ikipoa inarudi. Ikizimika chomoa plagi hapohapo kabla haijapoa, ichomeke kwenye kofia yake, iguse kwenye mapezi, piga kiki, tazama cheche. Beba kitambaa kinene, plagi inaunguza.

#11 Fundi_Arua

Dada, heshima. Koili inawezekana, zile za chini ya magneti (gurudumu la sumaku la injini) zimezeeka sana sasa. Lakini aanze na cha bure. Kifuniko cha tangi hakihitaji hata spana.

#12 Mzee_Bombo

Wanangu, salaam aleikum.

Mnaongea karenti na jeti, hakuna aliyemuuliza oili. Hii ni tu-stroki. Oili haikai chini ya injini kama kwenye Boxer za boda, inaungua pamoja na petroli. DT ina tangi dogo la oili na pampu yake, mfumo ambao Yamaha waliuita Autolube tangu miaka ya 1960. Pikipiki za mashirika zikichoka, mafundi huziba ile pampu na kumwambia dereva achanganye mwenyewe kwenye petroli. Sasa mtu wa mnadani hajui lipi lilifanyika. Ikiwa pampu imekufa na wewe unatia petroli tupu, pistoni inavimba kwa joto inashika silinda, injini inazimika. Ikipoa inaachia. Unafurahi imepona, kumbe inajichuna ndani. Wallahi usipande Sipi tena kabla hujajua. Changanya moja kwa ishirini, yaani mililita 20 kwa lita, uwe salama.

#13 Hesabu_Gulu

Mzee wangu, hoja ni nzito ila namba zisipotoshe watu. Moja kwa ishirini ni mililita 50 kwa kila lita. Mililita 20 kwa lita ni moja kwa hamsini.

#14 Mzee_Bombo

Sisi tulipima kwa kopo la maziwa, mwanangu. Mililita zilikuwa za hospitali.

#15 Muuguzi_Yumbe

😂😂 Na hospitalini nako tulikuwa tunapima kwa kopo, mzee.

#16 Kahawa_Mbale

Nimeenda kuangalia. Tangi la oili limejaa, na tangu niichukue sijaliona likishuka. Dereva wa zamani wa shirika aliniambia siku ya mnada nitie oili kidogo kwenye petroli "kwa usalama", na natia. Hiyo inasemaje?

#17 Fundi_Arua

Inasema mambo mawili yanayopingana. Kama halishuki, pampu imezibwa au imekufa, na ile oili unayochanganya ndiyo inayokuokoa, endelea. Kama linashuka kidogo na wewe huoni, basi unalisha oili mara mbili, ndiyo moshi wa Kapchorwa. Piga alama kwa kalamu ya wino kwenye tangi la oili, utembee, uangalie. Usiache kuchanganya mpaka uwe na hakika.

#18 Kasindi_Bwera

Mimi niko hapa karibu na Mpondwe, mpakani na Kongo, DT bado zinavuka kutoka ng'ambo kila siku ya soko. Kama umelisha oili mara mbili, usitafute mbali: ekzosi imejaa masizi. Tu-stroki inapumulia ekzosi. Ikijaa, tambarare inavumilia, mlimani inakabwa. Ing'oe, chungulia kwenye mdomo wa silinda. Ukikuta gamba jeusi gumu, umelipata. Unakwaruza kwa bisibisi butu, pistoni ikiwa imeshuka chini ifunike tundu, na usiguse ringi. Bomba lenyewe wengine wanalitia motoni mpaka masizi yaungue. Nje, mbali na nyumba, bwana. Jirani yangu alifanyia jikoni, na mke wake hajamsamehe hadi leo.

#19 Hesabu_Gulu

Swali langu kwa kila anayeleta sababu ni lilelile: kwa nini soda inatibu? Masizi hayapoi yakapungua.

#20 Kasindi_Bwera

Injini inayokabwa inapata joto kupita kiasi. Ikipoa inajaribu tena. Usifanye soda kuwa sheria ya kisayansi.

#21 Dereva_Malaba

Nimesoma yote, hakuna aliyetaja breki. Hizi breki zake ni za ngoma, ya nyuma inavutwa kwa fito ya chuma. Ukifungiwa tairi na fundi mwenye haraka anakaza fito kupita kiasi. Bila mzigo gurudumu linazunguka. Ukipakia gunia la kahawa shokabu inashuka, fito inajivuta, breki shu zinasugua ngoma njia nzima. Tambarare huoni. Mlimani injini inavuta wewe, gunia na breki yako mwenyewe, inazidiwa. Ukikaa, ngoma inapoa, shu zinaachia. Hesabu, soda imejibiwa hapo. Atie mkono karibu na ngoma ya nyuma ikizimika. Karibu, nimesema, asishike.

#22 Hesabu_Gulu

Hiyo naikubali. Kwa shingo upande.

#23 Steji_Kwanza

Wakati madaktari wanaendelea na mgonjwa, mimi nipige hesabu ya tumbo. DT yake inakunywa petroli karibu mara mbili ya yangu, halafu inadai oili juu. Mimi kebo ya klachi ikikatika saa tatu usiku Namakwekwe, nainunua dukani hapohapo na naifunga chini ya taa ya duka. Breki shu, sproketi, cheni, hata kama uko Bududa juu kabisa, kuna kijana anaziuza kwenye kibanda cha chapati. Yeye akitaka spea anaandika barua kwenda Japani. Hiyo ndiyo pikipiki?

#24 Mwalimu_Kaabong

Ndugu wa steji, wewe njoo Karamoja mwezi wa nane. Kati ya Moroto na Kotido ule udongo mweusi ukilowa unaingia katikati ya tairi na madigadi ya mbele, unashindiliwa mpaka gurudumu linagoma kuzunguka kabisa. Utaona vijana wa boda wamepiga magoti wanachokoa udongo kwa kijiti, wanakwenda mita mia, wanapiga magoti tena. Wengine wanang'oa madigadi wanaifunga kwenye keria kwa ukanda wa tyubu, matope yote yanawarukia usoni. DT madigadi yake iko juu chini ya taa, kuna nafasi ya kupitisha mkono mzima, udongo unaanguka wenyewe. Siyo urembo ule.

Tabu yangu ni nyingine. Kila ninapopita wafugaji wananisimamisha kuniuliza chanjo ya ng'ombe inakuja lini. Mimi nafundisha hesabu.

#25 Steji_Kwanza

Wachanje tu, Mwalimu 😂 Lakini sisi hatukai Karamoja. Kila mtu anunue pikipiki ya barabara yake.

#26 Kahawa_Mbale

Barabara yangu ndiyo hiyohiyo ambayo wewe hukataa kunipeleka mvua ikinyesha!

#27 Steji_Kwanza

Nilikuwa nakataa bei, sio barabara.

#28 Kirinyaga_Road

Niko Nairobi, nawasoma kimyakimya. Spea za DT huku bado unapata ukiwa na subira: breki shu, ringi, kebo, hata bloku za kuchonga upya. Ila niulize, kwani mashirika yalizipendea nini hizi? Kila nchi niliyopita ni DT, AG100 au Honda XL, basi.

#29 Fundi_Arua

Kwa sababu fundi wa kijijini anaziweza. Ukiwa na spana kumi, kumi na mbili, kumi na nne na bisibisi, unashusha bloku chini ya mwembe. AG100 nayo ni tu-stroki, tena cheni yake imefungiwa ndani ya kasha, vumbi haliigusi, na ina stendi pande zote mbili. Ni ya shambani ile.

#30 Dereva_Malaba

Mimi nadhani ni kwa sababu hakuna aliyetaka kuziiba. Boda hataki pikipiki ndefu yenye kiti kifupi na keria ya chuma pale abiria anapokaa. Boxer ya shirika ingekuwa Busia mpakani kabla ya chai ya saa nne.

#31 Kasindi_Bwera

Mbona Kongo ziliibiwa vizuri tu.

#32 Kirinyaga_Road

Nimewahi kusikia pia ni mambo ya ununuzi: shirika linaagiza nyingi kwa mpigo, bila ushuru, mfano mmoja kwa nchi zote, stoo moja ya spea.

#33 Muuguzi_Yumbe

Mnasahau kilichotutesa sisi: daftari. Kila asubuhi kabla hujapewa petroli unajaza: upepo wa tairi, ulegevu wa cheni, oili, kebo, nati za keria, spoki. Hujajaza, huendi. Siku fulani inaenda kwa fundi hata kama haina ugonjwa, inavuliwa, inapakwa grisi. Kuna wale Riders for Health wa kutoka Uingereza, waliofanya kazi Lesotho, Zimbabwe na Gambia. Wao mpango wao wote ulisimama hapo, kuhudumia pikipiki kabla haijaharibika. Nyie mnasifia Mjapani. Mbona zilezile zikihamishiwa ofisi isiyo na daftari zinalala chini ya mti na kuku wanatagia kwenye keria?

#34 Mzee_Bombo

Dada amenena. Lakini na Mjapani apewe haki yake. Yamaha walitoa DT-1 ya sentimita za ujazo 250 mwaka 1968, pikipiki ya kwenda lami na porini kwa bei ya mtu wa kawaida. DT zote hizi ni wajukuu wake.

#35 Kirinyaga_Road

Na XT500, mzee. Silinda moja, inapozwa na upepo, ya kiki. Ndiyo iliyoshinda mbio za kwanza za Paris–Dakar mwaka 1979, dereva Mfaransa Cyril Neveu. Mashine haina tofauti kubwa na hizi tunazozicheka, ukitoa ukubwa.

#36 Hesabu_Gulu

Tofauti kubwa ipo: XT500 ni ya mipigo minne, haichanganyiwi oili.

#37 Steji_Kwanza

Tumetoka Sipi tumefika Dakar, mgonjwa bado yuko kando ya barabara.

#38 Kahawa_Mbale

Mgonjwa amerudi na majibu. Nimepanda leo bila gunia. Ilizimika karibu na kona ileile. Nimefuata kila mtu:

Kifuniko cha tangi: kuna mlio ulisikika, mdogo. Sijui ni ile "fyuuu" ya Fundi au ni upepo wa Sipi.

Cheche: ipo. Lakini ni nyekundu na nyembamba, si ya buluu.

Plagi: nyeusi, imelowa.

Ngoma ya nyuma: joto lake nililihisi kabla mkono haujafika.

Kiki: nyepesi, pistoni haijashika.

Tangi la oili: alama iko palepale.

#39 Fundi_Arua

Mlio! Nilisema.

#40 Muuguzi_Yumbe

Cheche nyekundu ni karenti dhaifu. Koili. Ndiyo maana na plagi imelowa, petroli inafika lakini haiungui yote. Fundi, kama tangi lilikuwa limejinyonga plagi ingekauka, sio kulowa.

#41 Mwalimu_Kaabong

Nyeusi na imelowa: petroli nyingi, hewa kidogo. Mnazunguka tu.

#42 Dereva_Malaba

Bila gunia na ngoma bado inachoma? Basi breki inasugua hata mtupu. Legeza nati ya fito mizunguko kadhaa, inua gurudumu, lizungushe kwa mkono. Likisimama lenyewe upesi, unaiona.

#43 Kasindi_Bwera

Plagi nyeusi ni masizi. Masizi yanatoka wapi? Sisemi tena.

#44 Steji_Kwanza

Hongera Kahawa. Umepata magonjwa yote kwa bei ya pikipiki moja.

#45 Hesabu_Gulu

Tafadhali usibadilishe vyote kwa siku moja, hutajua kipi kilitibu. Breki kwanza, haina gharama. Kisha panda mlima uleule. Kisha kifuniko. Koili mwisho kwa sababu ndiyo ya pesa.

#46 Mzee_Bombo

Alama iko palepale, maana yake pampu haifanyi kazi. Kwa hiyo mwanangu pampu ni wewe na kikombe chako, usije ukasahau hata mara moja ukinunua petroli ya chupa njiani. Na kushuka kutoka Sipi usifunge moto moja kwa moja hadi chini. Oili yako inakuja na petroli, moto ukiufunga kilomita nzima injini inazunguka kwa kasi bila kulishwa. Gusa moto mara kwa mara, au kamata klachi. Injini ya tu-stroki haikuzuii sana mteremkoni, kwa hiyo breki zitafanya kazi yote, nazo ni za ngoma, zikipata joto zinalegea. Shuka taratibu.

#47 Dereva_Malaba

Jambo jingine nje ya ugonjwa. Logibuku, ile kadi ya umiliki, jina limeshabadilishwa? Pikipiki nyingi za mashirika ziliingia nchini bila ushuru. Zikiuzwa kwa mtu wa kawaida ushuru unadaiwa. Nimeona watu wana risiti ya mnada tu mfukoni, siku ya ukaguzi wanabaki kuikunjakunja.

#48 Kahawa_Mbale

Karatasi za mnada zinaonyesha ushuru umelipwa, namba ya injini na ya fremu nimezilinganisha mwenyewe kwa tochi. Jina bado linashughulikiwa.

#49 Dereva_Malaba

Vizuri. Usimwachie dalali.

#50 Kahawa_Mbale

Taarifa. Breki nimelegeza, gurudumu sasa linazunguka huru. Nimepanda: ngoma ina joto la kawaida, nguvu zimeongezeka waziwazi, kona ya zamani nimeipita kwa gia ya tatu. Nikafurahi. Juu kidogo, kabla ya kufika Sipi kwenyewe, ikamisi ikazimika vilevile. Nikalegeza kifuniko, nikakifunga na kitambaa, nikaendelea mpaka Kapchorwa bila kuzimika. Lakini nilikuwa nimesimama kitambo nikiongea na mkulima, kwa hiyo injini ilikuwa imepoa pia.

#51 Fundi_Arua

Kifuniko! Safisha tundu kwa waya mwembamba na petroli, uturudie.

#52 Muuguzi_Yumbe

Ilikuwa imepoa, amesema mwenyewe. Koili. Mkulima ndiye soda ya leo.

#53 Mwalimu_Kaabong

Na rangi ya plagi ulipofika juu?

#54 Kahawa_Mbale

Nyeusi, Mwalimu. Haijalowa sana.

#55 Mwalimu_Kaabong

Nanyamaza kwa heshima ya mzee na dada, lakini jeti ni bei ya rolex mbili, zile chapati za mayai.

#56 Kirinyaga_Road

Koili ya magneti nikiipata huku ni ya kutumika. Mpya za kuiga zipo, siwezi kumdhamini mtu. Kuna wanaosuka upya ileile ya zamani kwa waya wa shaba, wengine zinadumu, wengine wanarudi wiki ya pili.

#57 Kasindi_Bwera

Mimi nimepata moja, imetoka Butembo, mwenye nayo anasema ilitolewa kwenye DT iliyogongwa, injini yake ilikuwa nzima. Lakini hizi zilitoka za aina mbili tatu, hazilingani. Kahawa_Mbale, fungua kifuniko cha magneti upande wa kushoto, piga picha waya zinazotoka, rangi na idadi, pamoja na soketi yake. Nitumie leo kabla ya saa kumi na moja jioni, mwenye duka anafunga mapema siku za soko. Na ekzosi uing'oe ukiwa hapohapo chini, spana ni ileile.